Maswali ya Wasomaji: Joto la Ukomo wa Hedhi kwa Mwanamke Mwenye MS

SWALI: Ndugu mjibu wa ukurasa huu, nakusalimu kutoka Mikindani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, umri wangu ni miaka 49. Miaka kadhaa iliyopita jicho langu la kushoto lilipoteza nuru, miguu ikafa ganzi, na nilipopelekwa Dar es Salaam kupigwa picha ya MRI niliambiwa kwamba nina ugonjwa wa maltipo sklerosisi (MS). Nimeishi nao, ninafundisha, na siku za uchovu natembelea bakora. Tangu mwaka jana hedhi yangu inaruka miezi, na sasa joto linanipanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, nalowa jasho, na likinikuta darasani maandishi ya ubaoni yanafifia machoni na magoti yanalegea. Wifi yangu alinishauri nijifukize kwa majani ya mwarobaini na mchaichai ili joto litoke. Nilipofunuliwa blanketi sikuweza kusimama, nikabebwa hadi kitandani. Hospitali moja imeniambia kwamba yote hayo ni MS, na nyingine imesema ni umri tu, nivumilie. Nimsikilize nani, na nifanye nini ili nisilazimike kuacha kazi?
Mwalimu, Mikindani

JIBU: Dada yangu mwalimu, pole sana kwa yaliyokupata, na hasa kwa kuambiwa uvumilie jambo ambalo lina namna za kulipunguza. Wote wawili waliokujibu walishika upande mmoja wa jambo lenye pande mbili. Katika MS, kinga ya mwili hushambulia ala ya mafuta inayozunguka mishipa ya fahamu katika ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya macho, ala ambayo kazi yake ni kama ya mpira unaofunika waya wa umeme. Inapochubuka, taarifa kutoka ubongoni kwenda miguuni au kutoka jichoni kwenda ubongoni husafiri kwa kusuasua. Mwili ukipata joto, hata kwa nusu ya nyuzi moja ya Selsiasi, taarifa hizo huzidi kukwama. Ukomo wa hedhi nao huja na mabadiliko yake: ovari zinapopunguza kutoa homoni ya estrojeni, sehemu ya ubongo inayodhibiti joto huwa nyepesi kushtuka, ikidhani mwili umepata joto kupita kiasi hata pale ambapo ongezeko ni dogo, ndipo mishipa ya damu ya ngozi inapofunguka na jasho kumiminika. Kwa mwanamke mwingine fukuto hilo ni kero ya dakika chache. Kwako wewe linapita juu ya mishipa ambayo tayari imechubuka, na ndiyo maana macho na magoti yanashiriki.

Jambo hili si geni kwa waganga. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa ambao macho yao yalififia walipofanya mazoezi na kurejea walipopumzika, na baadaye ilifahamika kwamba sababu ni joto la mwili. Kabla ya picha za MRI kuenea, baadhi ya madaktari walikuwa wakimkalisha mtu anayeshukiwa kuwa na MS ndani ya maji ya moto ili waone kama dalili zitajitokeza, njia ambayo iliachwa. Kwa hiyo kile kilichokutokea chini ya blanketi kinaeleweka vizuri: wifi yako alikutakia heri, lakini kwa mwili wako kujifukiza ni kujitia katika jaribio lile lile. Nakuomba uache kabisa, pamoja na kuoga maji ya moto. Zaidi ya kuanguka, mtu mwenye ganzi miguuni anaweza kuungua na chungu cha majani bila kuhisi mpaka ngozi iwe imetoka.

Napenda uelewe pia kwamba kulegea kwa namna hiyo hakumaanishi kuwa ugonjwa umechimba jeraha jipya. Mwili ukipoa, nguvu na nuru hurudi, mara nyingi katika muda mfupi. Shambulio jipya la MS ni jambo tofauti: ni dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, inayodumu zaidi ya saa 24 bila homa na bila maambukizi ya kuielezea. Na hapa ndipo sisi wa mikoa ya Mtwara na Lindi tunapaswa kuwa makini kuliko wenzetu wanaoishi nchi za baridi, kwa sababu malaria bado ipo sana kwetu, na homa ya malaria inaweza kumlaza mtu mwenye MS akaonekana kana kwamba amepooza upya. Weka kipimajoto nyumbani. Fukuto la ukomo wa hedhi halipandishi kipimo hadi nyuzi 38; ukikuta kimefika hapo, nenda kapimwe malaria na mkojo siku hiyo hiyo, wala usikubali kuambiwa ni umri wala ni MS kabla ya vipimo hivyo.

Tiba ya kwanza, ambayo haina gharama kubwa, ni kuupoza mwili kabla haujazidiwa. Kunywa maji ya baridi taratibu kabla ya kuingia darasani, na uwe na chupa mezani. Loweka kanga, ikamue, uiweke shingoni na mabegani. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, hivyo maji hayakauki upesi na kanga hupata joto la mwili baada ya muda mfupi, kwa hiyo uwe na ya pili kwenye ndoo au kwenye mfuko wenye barafu ili uzibadilishe. Ngozi yenye unyevu mbele ya feni hupoa kuliko ngozi kavu. Vaa pamba nyepesi, na ndani ya baibui au juba punguza tabaka. Miezi ya kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, ndiyo itakayokuelemea. Upepo wa kusi ukianza utapata nafuu. Mwombe mwalimu mkuu vipindi vyako viwe vya asubuhi, upewe chumba chenye madirisha yanayopitisha upepo na kiti cha kukalia unapofundisha. Peleka barua ya daktari pamoja na ombi hilo, kwa kuwa mtu anayekuona mzima saa mbili asubuhi hawezi kukisia hali yako ya saa saba mchana.

Nina wasiwasi kwamba unafanya kitu ambacho walimu wengi wanawake hufanya, yaani kutokunywa maji tangu asubuhi kwa sababu choo cha shule kiko mbali na mkojo hausubiri. MS huweza kusababisha haja ya ghafla, na wakati huo huo huweza kuzuia kibofu kumaliza mkojo wote. Estrojeni inapopungua, utando wa njia ya mkojo na wa uke huwa mwembamba na mkavu, na bakteria hupata nafasi. Ukijinyima maji unaongeza uwezekano wa yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na wa choo kigumu, na yutiai huamsha dalili za MS. Kunywa vya kutosha mchana, punguza saa mbili kabla ya kulala, na upunguze chai kali na kahawa, ambazo kwa baadhi ya wanawake huchokoza kibofu na mafukuto pia. Ikiwa yutiai inajirudia, omba upimwe kwa ultrasaundi kiasi cha mkojo kinachobaki baada ya kukojoa, maana kipimo hicho hakiumi na hubadilisha matibabu kabisa.

Kuhusu uchovu, usiuweke wote katika kapu la MS. Mwanamke anayeamka kila usiku akiwa amelowa jasho atachoka hata kama mishipa yake ni mizima. Hedhi inayoruka mara nyingi hurudi ikiwa nzito, na damu nyingi huleta upungufu wa damu. Tezi ya shingo nayo ikiharibika huleta uchovu, joto na mapigo ya moyo ya haraka yanayofanana sana na ukomo wa hedhi. Pima wingi wa damu na tezi. Kama dawa yako ya MS ni sindano za intaferoni, mwambie daktari, kwa sababu huleta homa na baridi baada ya kuchomwa na huweza kugusa tezi. Usiku lala kwenye shuka la pamba, uwe na nguo ya kubadilisha karibu, lakini hata joto likizidi usilale nje ya chandarua. Acha taa ndogo ikiwaka njia ya kwenda msalani na uondoe mikeka yenye kingo zilizokunjamana, kwa kuwa safari hizo za usiku ndizo zinazowaangusha wengi.

Sasa nije kwenye homoni, ambako hofu imekuwa kubwa kuliko maarifa. Kuwa na MS peke yake hakumzuii mwanamke kutumia tiba ya homoni. Hofu nyingi ilitokana na utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, ulioonyesha ongezeko la saratani ya matiti na la damu kuganda. Lakini wanawake wale walikuwa na wastani wa umri wa miaka 63, na walimeza vidonge vya aina moja. Mwongozo wa leo unasema kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, na ambaye hajawahi kuwa na saratani ya matiti, kuganda kwa damu, kiharusi, ugonjwa mkali wa ini au damu ya ukeni isiyoeleweka, faida kwa kawaida huzidi hatari. Estrojeni ya kupaka au ya kubandika kwenye ngozi haina hatari kubwa ya kugandisha damu kama ya kumeza, na hilo lina uzito kwa mtu asiyetembea sana. Mwenye mfuko wa uzazi lazima apewe na projesteroni ili kuukinga. Homoni hizi hazitibu MS. Zinapunguza mafukuto, na mafukuto yakipungua usingizi na miguu vinaweza kunufaika. Usinunue vidonge vya uzazi wa mpango dukani ukidhani ni kitu kile kile.

Kwa asiyefaa au asiyetaka homoni, zipo dawa nyingine. Venlafaksini, ambayo ni dawa ya sonona, hupunguza mafukuto, na gabapentini, ambayo wengi wenye MS tayari wanapewa kwa maumivu ya mishipa, hupunguza pia, ingawa inaweza kukutia usingizi na kizunguzungu. Kama unatumia kabamazepini kwa maumivu ya uso, itaje mapema kwa sababu humaliza homoni za kumeza haraka mwilini. Mpelekee daktari dawa zako zote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na majani na mafuta ya kunywa. Kuna dawa za asili zinazosifiwa kwa kuongeza kinga ya mwili, na wewe ugonjwa wako ni wa kinga iliyopotea njia.

Mifupa yako inahitaji kutunzwa kuanzia sasa. Estrojeni ikishuka mifupa hupoteza uzito haraka, na kwako huenda kuna dozi za steroidi ulizochomwa wakati wa mashambulio na kutembea kulikopungua. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Dagaa wanaoliwa na miiba yao, maziwa, ufuta ambao mikoa yetu inaulima kwa wingi, na mboga za majani vyote vina mchango. Vitamini D tunaipata kutokana na jua, lakini anayekaa ndani kukwepa joto na kujifunika nje anaweza kuipungukiwa hapa hapa pwani. Pima kwanza, maana dozi kubwa zinazomezwa kiholela hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo. Mazoezi hayakatazwi, kinyume na walivyoambiwa wagonjwa wa zamani. Tembea alfajiri, au jioni jua likishatua, kisha ushike ukingo wa meza, ukae na kusimama polepole mara kadhaa hadi mapaja yachoke bila kutetemeka. Dalili zikijitokeza katikati ya zoezi, poa, kisha endelea.

Kwa muda fulani andika katika daftari siku ya hedhi, saa ya fukuto, hali ya macho na miguu, na kipimajoto kilisema nini. Ukiyafungua maandishi hayo mbele ya daktari wa wanawake katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini au Ligula, na mbele ya daktari wako wa mishipa ya fahamu wa Dar es Salaam, itakuwa vigumu kwa yeyote kuusukuma mzigo wote kwa mwenzake. Na kama huzuni imekaa wiki mbili bila kuondoka, au umeanza kuona maisha hayana maana, sema waziwazi: sonona huwapata watu wenye MS mara nyingi kuliko wengine, kipindi hiki cha homoni huichochea, na inatibika kwa mazungumzo na kwa dawa. Usisahau pia kwamba mpaka hedhi ikose miezi 12 mfululizo bado unaweza kushika mimba, na baadhi ya dawa za MS hazifai kwa mjamzito.

SWALI: Nakuandikia kutoka Masasi kwa heshima. Mke wangu ana miaka 52, ana MS, na hedhi yake imekoma kwa zaidi ya mwaka mmoja. Amekuwa akikwepa tendo la ndoa, akisema linamuuma na kwamba hahisi kitu. Ndugu zangu wanasema amenichoka na wananishauri nioe mwingine. Mimi bado nampenda. Je, hali hii ina dawa?
Mume, Masasi

JIBU: Kaka yangu, nakushukuru kwa kuuliza badala ya kuhukumu. Mkeo amekwambia ukweli wa mwili wake, na maneno yake mawili yana sababu mbili tofauti. Maumivu kwa kiasi kikubwa yanatokana na ukavu na wembamba wa uke baada ya estrojeni kushuka, na tofauti na mafukuto, ukavu hauondoki wenyewe kwa kupita kwa miaka. Krimu au vidonge vya estrojeni vya kuweka ukeni hufanya kazi mahali hapo hapo, kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, na vinapunguza yutiai za kujirudia. Wakati wa tendo lenyewe mtumie kilainishi cha maji kinachouzwa katika maduka ya dawa. Kutokuhisi, kwa upande mwingine, mara nyingi kunatokana na MS, kwa kuwa mishipa inayobeba hisia za sehemu hizo hupita katika uti wa mgongo. Hapo mnahitaji muda zaidi, maongezi, na kugundua upya ni wapi mwilini hisia bado ni nzuri.

Chagueni saa ambayo hajachoka, na kwa wengi wenye MS hiyo ni alfajiri badala ya usiku, chumba kikiwa na hewa ya baridi na kibofu kikiwa kimemalizwa kwanza. Misuli ya mapaja ikimkaza, alale ubavu. Mwende pamoja kliniki, ukae naye ndani ikiwa ataridhia, kwa sababu wanawake wengi wa umri wake waliofundwa unyagoni walifunzwa namna ya kumridhisha mume, lakini hawakuambiwa la kusema wanapoumia. Kuhusu ushauri wa ndugu, naona si haki kufanya uamuzi wa maisha juu ya maumivu ambayo hayajawahi kutibiwa, tena wakati mkeo hajui kwamba jambo lake linajadiliwa barazani.

SWALI: Mama yangu ana miaka 56, ana MS na anatumia kiti cha magurudumu. Hedhi ilikoma miaka mitatu iliyopita, lakini mwezi huu ametokwa na damu kidogo mara mbili. Anasema ni hedhi inarudi na anakataa kwenda hospitali kwa sababu kumpandisha kitandani kwa uchunguzi ni mateso. Nifanye nini?
Binti, Lindi Mjini

JIBU: Mwanangu, damu inayotoka baada ya mwaka mzima bila hedhi haihesabiwi kuwa hedhi, hata kama ni tone. Mara nyingi chanzo ni utando uliokonda au uvimbe mdogo usio na madhara, lakini wakati mwingine ni dalili ya mapema ya saratani ya mfuko wa uzazi au ya mlango wake, na ikishikwa mapema matibabu yake huwa mepesi zaidi. Mpeleke wiki hii. Usiende bila kutoa taarifa: fika kwanza wewe mwenyewe kliniki ya wanawake ya Hospitali ya Sokoine, ueleze kwamba mama hawezi kujipandisha na kwamba miguu yake hukakamaa, uombe kitanda kinachoshushwa au wahudumu wawili, na upewe miadi ya asubuhi kabla ya joto. Uchunguzi unaweza kufanyika akiwa amelala ubavu, goti moja likiwa limekunjwa, bila kumpanulia miguu kwa nguvu; mwambie mama hivyo mapema, kwani huenda hilo ndilo analoliogopa zaidi. Bebeni orodha ya dawa zake, hasa kama anatumia za kupunguza mgando wa damu, na kama mguu mmoja umevimba na kuuma kuliko mwingine, lisemeni hilo mlangoni kabla ya yote, kwa sababu kwa mtu anayekaa kutwa inaweza kuwa damu iliyoganda na haingoji foleni.